Aliyeitikia Jina la Komakech

Kyebando, Kampala
12 Desemba 1976

Dada yangu Alal,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, na mgongo nimeshauzoea. Nisalimie baba mkwe wako, Mzee Obwona. Mwambie vile viatu vya jeshi alivyonipa bado ninavyo, navivaa siku za mvua. Nisalimie na mwanao Adong. Mwambie mjomba wake hajasahau daftari la shule, ila daftari zimepotea madukani pamoja na sabuni.

Barua hii inakuja kwa mkono wa mama Kavugho, yule Mkongo anayechukua vitenge kwao Butembo na kuviuza mpaka huko kwenu Gulu. Ukiwa na neno la maana, mpe yeye. Barua za posta husomwa na watu wengi kabla ya mwenyewe. Posta peleka habari za mvua.

Mumeo Komakech anakohoa. Nakuambia mimi kwa sababu yeye atakuandikia kwamba ni vumbi. Si vumbi. Tangu tulipohamishiwa kwenye mapipa ya lami, moshi unaingia kifuani na hautoki. Yeye anakuja kwa miguu kutoka Ntinda, mimi kutoka Kyebando, na kila asubuhi nasikia kikohozi chake nyuma ya lori kabla sijamwona.

Utauliza kwa nini halali nyumbani. Zamani mtu wa serikali akiugua alikuwa na siku zake. Yule karani wa Kihindi, kabla Wahindi wote hawajafukuzwa nchini, alikuwa anautazama ulimi wako, anaandika "mgonjwa", imekwisha. Sasa limebandikwa tangazo mlangoni: asiyeonekana siku mbili bila karatasi ya daktari ni mtoro, na jina lake linapelekwa juu. Mtoro wa siku hizi si mvivu, dada. Ni mtu aliyevuka mpaka kwenda kwa maadui. Na karatasi yenyewe haipatikani. Daktari tuliyepangiwa ameondoka nchini, na muuguzi aliyebaki anasema hana ruhusa ya kutia saini.

Kwa hiyo tunasaidiana. Nyapara Muhamadi anaita majina saa moja asubuhi, na macho yake yako kitabuni, hatazami nyuso. Mtu akiugua, mwenzake anaitika kwa ajili yake. Juzi Oryem aliitika jina lake na la mgonjwa mmoja kwa sauti ileile. Muhamadi akainua kichwa.

"Oryem, leo una sauti ngapi?"

"Mbili, bwana. Moja ya kazi, moja ya njaa."

Gengi zima likacheka, na Muhamadi akawaandika wote wawili kwamba wapo.

Usiogope. Nipo naye.

Kaka yako,
Tarcisio Ojara


Gulu
9 Januari 1977

Kaka Ojara,

Nakusalimu, na watu wote wa nyumba hii wanakusalimu. Mtama tumevuna, si mwingi lakini upo. Adong ameanza shule na anajua kuandika jina lake, ila herufi ya mwisho anaigeuza. Odoch, shemeji yangu mdogo, amepaka ukuta udongo upya. Mzee Obwona anaumwa magoti na anasema ni baridi ya vita vya Burma bado inamtoka.

Komakech ameniandikia kwamba ni vumbi.

Nimemsomea Mzee habari za majina yenu ya asubuhi, nikidhani atacheka. Hakucheka. Akasema alipokuwa koplo katika jeshi la Mwingereza waliitwa majina kila alfajiri. Aliyeitika alikuwa hai. Aliyeitwa mara tatu akanyamaza, waliandika barua kwa mama yake. "Kitabu cha majina hakichezewi," akasema. "Mwambie Ojara hivyo." Basi nimekuambia.

Mimi ombi langu ni moja. Akizidiwa, mlete nyumbani. Usingoje karatasi ya mtu. Mpandishe basi umlete. Nimemweka mikononi mwako kwa sababu huko hana ndugu mwingine.

Dada yako,
Alal


Kyebando
20 Machi 1977

Kwa dada Alal,

Salamu. Natumaini mko wazima. Mimi mzima. Mvua za huku zimeanza mapema na barabara zinabomoka, kwa hiyo kazi ni nyingi. Sukari hakuna. Chumvi imepatikana wiki iliyopita, watu walipanga foleni tangu alfajiri, nami nikapata kidogo.

Shemeji hayuko katika gengi letu kwa sasa. Nitakuandikia zaidi nikipata nafasi.

Barua hii naitia posta. Mama Kavugho hajapita muda mrefu.

Msalimie Mzee. Daftari la Adong nimelipata.

T. Ojara


Gulu
2 Mei 1977

Kaka,

Salamu. Tumepanda. Mbuzi mmoja amezaa pacha, wote hai. Adong anashukuru kwa daftari, lakini bado halijafika.

Barua yako ya mwezi wa tatu ina maneno mengi juu ya chumvi. Nimeisoma mara nne kutafuta mume wangu ndani yake. "Hayuko katika gengi letu kwa sasa." Yuko katika gengi gani? Amelazwa? Wewe na mimi tulilala mkeka mmoja katika kambi ya polisi mpaka baba alipostaafu, nakujua unavyoficha jambo. Unajaza maneno pembeni.

Huku tumesikia yaliyowapata watu wa kwetu mwezi wa pili. Kila kijiji kina nyumba inayongoja. Niambie kama na yangu inangoja.

Mzee amemwomba katekista amwandikie barua, ameipeleka ofisini kwenu kumwulizia mwanawe.

Alal


Gulu
26 Juni 1977

Kaka,

Tunakusalimu. Magoti ya Mzee yamepata nafuu, na utaona sababu.

Jibu la ofisi yenu limefika. Nakunakilia: "Mfanyakazi Komakech alikuwepo kazini kila siku mpaka tarehe 4 Machi 1977. Tangu hapo ameacha kazi bila ruhusa na amehesabiwa kuwa mtoro." Muhuri upo. Nakala imepelekwa kwa mkuu wa wilaya.

Mzee aliisikiliza akiwa amesimama. Kisha akaomba pombe. Kumbe alikuwa na hofu ya mwezi wa pili kama mimi, ila hakusema. "Wenzake walichukuliwa Februari," akasema. "Mwanangu Machi alikuwa anaitika jina lake. Mtu anayeitika hajafa. Amevuka mpaka, ni mjanja kama mimi." Amekataza mtu yeyote kulia katika nyumba hii. Mama yake Komakech alianza kulia jikoni, akamfuata na fimbo.

Lakini chifu naye ameipata nakala. Amekuja mara mbili na askari. Wanataka Mzee aseme mtoro wake amejificha wapi, na Mzee anawajibu kwa fahari kwamba hajui, wala angejua asingesema. Jana wamemwita Odoch aende kambini Jumatatu.

Mimi siamini kwamba Komakech angevuka mpaka bila kunitumia hata neno. Lakini kitabu kinasema alikuwepo. Wewe ulikuwa unasimama karibu naye kila asubuhi. Mama Kavugho yuko hapa, anarudi Kampala Alhamisi, barua hii anakuletea yeye. Sasa huna sababu ya posta.

Alal


Kyebando
17 Julai 1977

Dada yangu Alal,

Nakusalimu wewe, na Mzee, na Mama, na Odoch kama amerudi. Mama Kavugho ameketi mlangoni anangoja nimalize. Amesema hataondoka na barua ya chumvi.

Komakech amekufa, dada. Amekufa mwezi wa pili. Nilijua mwezi wa nne, na yaliyotangulia niliyajua kabla ya hapo.

Jumamosi tarehe 19 Februari alitema damu kando ya pipa la lami. Nilimpeleka kwenye kivuli cha lori. Nikamwambia, "Jumatatu usije. Lala wiki nzima. Nitakuitikia."

Akasema, "Na wakinikuta?"

"Nani atakukuta kitandani? Kitabu kitasema uko kazini. Kitabu kitakulinda."

Nilifikiri ningempandisha basi wiki ikiisha, akipata nguvu kidogo. Jumatatu jina lake lilipoitwa, niliitika. Jumanne nikaitika. Niliitika mpaka Jumamosi. Jumapili nikanunua maziwa nikaenda Ntinda kumwona.

Mlango ulikuwa wazi na kitanda kimepinduliwa. Jirani yake, Alanyo, mke wa askari wa magereza, alinivuta ndani kwake akanieleza. Watu wa usalama walikuja Jumanne saa nne asubuhi kwa gari lisilo na namba. Siku zile walikuwa wanapita laini za nyumba za vibarua wakitafuta watu wa kabila letu. Yeye aliyasikia yote kupitia ukuta wa mabati.

Walimwuliza, "Kwa nini umelala siku ya kazi?"

"Naumwa, bwana."

"Karatasi ya daktari?"

"Sina."

Akawapa kitambulisho chake cha kazi. Mmoja akaenda dukani kwenye simu, akapiga ofisini kwetu. Aliporudi alikuwa anacheka. Akasema, "Komakech yuko barabarani anapika lami. Ameitika jina asubuhi, kitabu kinasema. Wewe unayelala na kitambulisho chake ni nani? Nani amekutuma?"

Dada, hapo ndipo kalamu yangu ilipokwama tangu mwezi wa tatu. Asingeitikiwa, angekuwa mgonjwa asiye na karatasi. Labda wangempiga wakamwacha, labda wangemchukua vilevile, sijui. Lakini kwa sababu yangu alikuwa watu wawili, na mmoja lazima awe mpelelezi.

Alikuwa na jibu. Angeweza kusema, "Ni shemeji yangu Ojara ameniitikia, nendeni mkamwulize." Alanyo anasema alijibu tu, "Ngojeni nivae viatu." Hakusema neno jingine.

Mume wa Alanyo alipeleleza polepole, akapata jibu mwezi wa nne. Komakech alikufa usiku wa tatu kizuizini, kwa kifua chake. Walipomweka hapajulikani.

Bado sijamaliza. Jumatatu tarehe 28 Muhamadi aliita, "Komakech." Wakati huo nilikuwa najua amechukuliwa. Nikaitika. Nikinyamaza, niliogopa, wataniuliza tangu lini hayupo na aliyekuwa anaitika ni nani. Niliitika Jumanne, Jumatano, mpaka Ijumaa. Jumla ni mara kumi na moja. Jumamosi ya tarehe 5 sauti ilikataa kutoka. Muhamadi akangoja, akageuza ukurasa.

Kwa hiyo ile wiki ya pili, ambayo Mzee ameinywea pombe, ni uoga wangu.

Ojara


Gulu
14 Agosti 1977

Ojara,

Sikusalimu.

Wiki ya kwanza niliielewa kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Ningekuwa mimi katika gengi lile, ningeitika pia. Wiki ya pili siwezi. Nimejaribu nikiwa napalilia, nimejaribu kanisani.

Nilimsomea Mzee. Hakuamini. Akasema, "Hiyo ni barua ya shemeji. Ile ya kwanza ina muhuri." Nikasoma tena pale pa viatu. Akainuka akatoka nje. Aliporudi akasema: "Kama yeye ndiye aliyekiharibu kitabu, aende akakitengeneze. Kitabu kikisema mwanangu hakuwepo, nitalia. Kabla ya hapo hakuna matanga hapa."

Kwa hiyo mume wangu hana kaburi na hana matanga. Mimi si mjane wala si mke. Wanawake wenzangu hawajui wanisalimu vipi.

Odoch amerudi kutoka kambini baada ya siku nne. Meno mawili ya mbele hayapo. Wamemwambia mtoro asipojitokeza kabla ya mwezi wa kumi watamrudia yeye.

Komakech alinyamaza ili usichukuliwe. Sitakuambia la kufanya na uhai huo.

Alal


Kyebando
4 Septemba 1977

Dada Alal,

Nakusalimu hata kama husalimu. Mwambie Mama nampa pole. Mwambie Odoch nampa pole.

Karani wa sasa anaitwa Wahabi, Mnubi wa Bombo, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Yeye ndiye aliyeijibu ile simu ya Jumanne, na yeye ndiye aliyeandika ile barua yenye muhuri. Nilingoja wenzake waende kula, nikaingia, nikamweleza. Alifunga dirisha.

"Nilisoma kilichoandikwa," akasema. "Waliniuliza yupo, nikatazama, nikasema yupo." Akakifungua kitabu mbele yangu. Kisha akasema, "Unataka nikate mistari? Siwezi kuikata kwa sababu umelia mbele yangu. Nitaikata kwa karatasi yenye saini, la sivyo ni mimi nitakayeulizwa."

"Nikiileta?"

"Nitaandika 'mgonjwa' siku zote kumi na moja, na barua mpya itakwenda kwa mkuu wa wilaya. Mgonjwa asiyerudi si mtoro. Chifu wenu atanyamaza. Lakini karatasi yako lazima ipande juu, na huko juu watataka kumwona mwenye sauti mbili."

"Baada ya siku ngapi?"

Akanitazama. "Ojara, unaonekana mgonjwa."

"Mimi ni mzima."

"Nimesema unaonekana mgonjwa. Nitakuandika mgonjwa siku saba, na siku saba sitauliza karatasi ya daktari. Siku ya nane nitaandika mtoro. Mimi nina watoto."

Katika faili langu, mahali pa nyumbani, pameandikwa kambi ya polisi, kwa sababu siku naajiriwa sikujua pengine pa kutaja. Wakinitafuta watakwenda kuulizia huko. Jina lako halimo.

Kesho asubuhi nampa karatasi. Yake ni fupi, aliniambia nisitaje kuchukuliwa wala kufa, yasimletee shida. Hii hapa ni ya Mzee, kamili:

"Mimi, Tarcisio Ojara, kibarua wa gengi la lami, nasema hivi. Siku kumi na moja, tangu tarehe 21 Februari mpaka tarehe 4 Machi 1977, jina la Komakech liliitwa, na aliyeitika ni mimi. Komakech hakuwepo. Alikuwa mgonjwa, kisha alichukuliwa, kisha alikuwa amekufa. Hakuna aliyenituma kuitika na hakuna aliyenituma kuandika."

Mama Kavugho anapita Gulu na barua hii, na daftari la Adong. Mimi nakwenda upande mwingine, na dereva anayemletea vitenge. Usiandike Kyebando tena.

Ojara


Gulu
2 Oktoba 1977

Kaka,

Nakusalimu. Sijui unasomea wapi maneno haya. Mama Kavugho anasema atakupata. Mvua ni nzuri na simsim imechanua. Adong anaandika jina lake katika daftari lako, na herufi ya mwisho sasa ameinyoosha.

Barua mpya ilifika kwa mkuu wa wilaya, na chifu aliileta mwenyewe. Amesema suala la mtoro limekwisha. Odoch analala ndani ya nyumba tena.

Mzee aliniomba nimsomee barua ya ofisi, kisha karatasi yako, kisha ya ofisi tena. Akauliza, "Ni saini yake?" Nikasema ni yake. Akaichukua karatasi akaenda kulala.

Asubuhi yake, saa moja, alituita sote uani. Alikuwa amevaa koti lake la Burma, limeliwa na nondo mgongoni. Alitupanga mstari mmoja, Mama, Odoch, mimi, Adong. Akasimama mbele yetu, akaita kwa ile sauti ya koplo: "Komakech, mwana wa Obwona."

Tukangoja. Jirani alikuwa anatwanga, akaacha.

Akaita mara ya pili.

Kaka, Adong alifungua mdomo. Shuleni wamemfundisha kwamba mtu wa kwenu akiitwa jina asisikie, umwitikie. Nikaweka kiganja changu juu ya midomo yake, nikamshika hivyo. Pumzi yake ilikuwa ya moto.

Akaita mara ya tatu. Hakuna aliyeitika.

Mzee akasema, "Hayupo." Akavua koti, akaketi chini. Ndipo tukalia, na majirani wakaja.

Matanga yalikuwa siku nne. Tumezika viatu vyake vya kanisani.

Juu ya wiki ya pili bado sijui. Lakini nimekusalimu mwanzoni mwa barua hii, na nilikusudia.

Dada yako,
Alal


Butembo
20 Novemba 1977

Dada yangu Alal,

Salamu kwako na kwa wote. Barua yako imenifikia baada ya wiki sita, imekunjwa ndani ya kitenge. Nimekaa nayo. Sikujibu haraka kwa sababu nilitaka kuisoma siku nyingi.

Nipo kwa kaka yake mama Kavugho, nabeba magunia ya maharage sokoni. Lugha yao siijui, lakini Kiswahili kinatosha, ingawa wananicheka ninavyokisema. Kule kwetu kitabu sasa kinasema Ojara ni mtoro. Kimesema kweli.

Mwambie Mzee habari za matanga nimezipokea. Viatu vyake vya jeshi nimekuja navyo.

Kuhusu wiki ya pili, usijilazimishe.

Mwandiko umepinda kidogo, utaona. Ni homa tu, si kifua. Mwenye nyumba aliponiona siku ya kwanza ya homa alisema nilale, basi. Leo ni siku ya nne nimelala mchana kweupe, na hakuna mtu aliyeita jina langu, wala aliyekuja kuuliza karatasi. Jua linaingia mlangoni mpaka kwenye mkeka. Nawaza angelala hivi Komakech, siku nne tu.

Kaka yako,
Ojara